Riwaya ya kisayansi imegoma katikati: tafuta dalili kabla ya kuitupa

Ukimpelekea fundi gari lisilowaka, fundi wa kweli hakimbilii kufungua injini. Anauliza kwanza. Lilizimika lenyewe njiani, au uliliegesha jana likiwa salama? Ukipiga stata linalia au kimya? Taa je, zinawaka? Majibu hayo matatu yanamwonyesha kama aanze na betri, mafuta au plagi, na bado mikono yake haijapata grisi.

Msomaji aliyekwama kwenye riwaya ya kisayansi hajiulizi hivyo. Anakifunga kitabu, anajilaumu kwamba hana kichwa cha sayansi, au analaumu kitabu kwamba ni kibovu, basi. Kinakaa rafuni na kipande cha karatasi kimechungulia. Mimi ninavyo vinne vya namna hiyo. Kimoja kimeshikiliwa na tiketi ya mwendokasi ya siku nyingi, wino wote umefutika, imebaki karatasi nyeupe inayoonyesha tu kwamba siku fulani, kati ya Kimara na Kivukoni, kuna mtu alichoka.

Mifano nitakayotumia ni vitabu vinavyosifiwa sana na vinavyoachwa sana, na nitarudi mara nyingi kwenye Dune ya Frank Herbert. Kabla haijatoka kama kitabu mwaka 1965 ilikataliwa na wachapishaji zaidi ya 20. Walioikubali mwishowe ni Chilton wa Philadelphia, kampuni iliyojulikana zaidi kwa miongozo ya kutengeneza magari. Kwa hiyo ukikwama humo, jua kwamba wapo wahariri wanaolipwa mshahara kwa kusoma waliokwama kabla yako, na kwamba kitabu chenyewe kilitokea upande wa gereji.

Kipimo cha kuanzia: usimulie ukurasa mmoja

Rudi kurasa mbili nyuma ya pale ulipoachia. Soma ukurasa mmoja tu, halafu funga kitabu na umsimulie mtu kilichotokea, kwa Kiswahili. Usijisimulie kichwani. Iwe kwa mdomo, na msikilizaji awe mtu anayeweza kukukatiza.

Ukishindwa kabisa kusimulia, tatizo ni lugha au maneno ya kubuni. Ukiweza, lakini kila baada ya sentensi unasema "yule nani sijui", tatizo ni majina. Ukisimulia vizuri, msikilizaji akauliza "halafu?", lakini wewe ndiye huna hamu, kitabu hakina ubovu, angalia ulivyokuwa unakisoma na wakati gani. Mkipiga miayo wote wawili, sasa ndiyo unaweza kuanza kukishuku kitabu.

Kipimo hiki nilikipata bila kukusudia. Nilikuwa Pangani kwa bibi mzaa mama, Dune mkononi, nimeshaiacha mara mbili. Bibi anachambua mchele kwenye ungo. "Mume wangu, unasoma nini hicho kikubwa hivyo?" Nikamsimulia pale nilipokuwa: wakubwa wamekaa mezani, wageni kwenye sayari ya jangwa tupu. Anaingia mwenyeji mmoja, Stilgar. Anamtazama mtawala mgeni, anainamia meza inayong'aa, anatema mate juu yake.

Bibi akaacha kuchambua. "Mate? Mezani?"

Nikaendelea: watu wa mtawala wanataka kuruka, lakini mmoja wao, Idaho, anawatuliza. Anamshukuru mgeni kwa kuwapa maji ya mwili wake, kisha naye anatema palepale.

Bibi akakaa kidogo, mkono juu ya mchele. "Kumbe huko maji hakuna," akasema, akarudi kwenye chuya zake.

Mimi nilishaipita sehemu ile mara mbili. Macho yalikimbilia majina ya koo na vyeo, nikidhani ufunguo uko huko, na tukio lenyewe likanipita kama kichekesho cha kutemeana mate.

Dalili: kila mstari una neno usilolijua

Hii ndiyo dalili inayoua wasomaji wengi, tena mapema, kabla ya ukurasa wa 30. Kisababishi cha kwanza cha kukagua: je, neno hilo ni la Kiingereza usilolijua, au mwandishi amelibuni? Msomaji wetu, ambaye Kiingereza kwake ni lugha ya pili au ya tatu, hudhani yote ni ya aina ya kwanza. Anafungua kamusi, kamusi inamwambia neno halipo, anajiona mjinga. Mwingereza mwenyewe halijui neno hilo. Mko sawa.

Dawa ni rahisi. Kila ukikuta neno la kubuni, weka "kitu" mahali pake na uendelee. "Alivaa kitu, akatoka nje." Sentensi ikisimama, songa mbele, maana itakufuata yenyewe. Ukirudi nyuma mara tano kutafuta maana utafanana na mtu anayezima gari kila mita mia kuangalia kama injini bado ipo.

Kwenye Dune kuna sherehe, yaani orodha ya maneno na maana zake, nyuma ya kitabu, na nakala nyingi bado zinayo. Hapa msomaji wa pwani ana bahati ambayo msomaji wa Chicago hana, kwa sababu Herbert alichota sana Kiarabu. Watu wa jangwani wana *Kitab al-Ibar*, mwongozo wao wa dini na wa kuishi jangwani. Neno la kwanza si unalo tayari? Wanamaliza dua kwa *bi-la kaifa*, kama sisi tunavyosema amina. Wana *hajj*, *taqwa*, *ilm*, *baraka*. Kijana mhusika mkuu, mwana wa yule mtawala mgeni, anaitwa *Lisan al-Gaib*, na aliyekaa chuo cha Kurani hata mwaka mmoja ataisikia ghaibu humo. Jina lake jingine, *Muad'Dib*, limetoka palepale ilipotoka adabu yetu. Sindano ya sumu anayotishiwa nayo kwenye sura ya kwanza kabisa inaitwa *gom jabbar*, na jabari unamjua.

Lakini angalia, kuna mtego. Ukishaona maneno ya nyumbani unaanza kuamini kwamba maana nazo ni za nyumbani, nazo sizo. *Adab* katika sherehe ya Herbert ni kumbukumbu inayokujia yenyewe ikikudai jambo. *Baraka* kwake ni mtu mtakatifu aliye hai. *Aql* ni mtihani wa akili wenye maswali. Mwandishi amehesabu maelfu ya miaka mbele na kuyaacha maneno yachakae njiani, kama "sherehe" yenyewe ilivyotoka kwenye kufafanua maneno ikafika kwenye biriani na mziki. Nilipolielewa hilo niliacha kukasirika kila neno lilipokosewa.

Kuna vitabu visivyo na sherehe kwa makusudi. A Clockwork Orange ya Anthony Burgess, ya 1962, imesimuliwa na kijana mhuni kwa lugha ya vijiweni iliyobuniwa, maneno mengi yakitoka Kirusi. Burgess hakutaka iwekewe sherehe, ingawa Marekani waliiweka kwenye baadhi ya nakala. Alitaka neno likurudie mara kumi mpaka likae. Sisi tuliojifunza Kiswahili cha mtaani kwa kusimama karibu na kijiwe bila mtu kututafsiria chochote tunaujua mchezo huo. Kitabu hicho kikikushinda kwa maneno, jaribu kukisoma kwa sauti. Kikikushinda kwa ukatili wake, hilo ni jambo jingine, kiache.

Dalili: unalijua kila neno na bado huwezi kusimulia

Hapo ni uchovu wa Kiingereza tu, na hauna aibu. Mtu aliyeshinda ofisini akiandika barua pepe za Kiingereza tangu saa mbili asubuhi, akifika nyumbani akafungua kurasa 500 za Kiingereza kingine, kichwa kinagoma. Soma asubuhi, au badilisha lugha kwa wiki mbili. Katama Mkangi aliandika Walenisi mwaka 1995: Dzombo, aliyehukumiwa kifo, anajikuta kwenye chombo cha angani, na nchi anayofikia ina jina ambalo ukilitamka polepole linakuambia wakazi wake ni nani. Ni kitabu cha siasa kilichovaa nguo za safari ya anga, chenye matani makali, na hutahitaji kamusi isipokuwa ya Kiswahili, ambayo itakuumbua vilevile.

Dalili: majina yanachanganyika

Kata karatasi, andika majina, iweke ndani ya kitabu. Nimemaliza.

La, niongeze moja. Kwenye The Three-Body Problem ya Liu Cixin jina la ukoo linatangulia, kama desturi ya Wachina. Ye Wenjie na Ye Zhetai ni mtu na baba yake. Ukishajua hilo nusu ya mkanganyiko inaondoka.

Dalili: nimekuja kwa ajili ya sayari, nimepewa historia

Ni kitabu hichohicho. Kinafunguka China mwaka 1967, katikati ya Mapinduzi ya Utamaduni, profesa wa fizikia anapigwa hadharani mpaka anakufa, binti yake akiona. Hakuna chombo cha angani. Wengi wanashuka kituo hichohicho.

Kisababishi hapa ni mpangilio, na kina historia yake. Riwaya ilipotoka jaridani kwa mfululizo mwaka 2006 ilianza na sehemu hiyo. Ilipotoka kama kitabu kwa Kichina mwaka 2008, sura hizo zikahamishiwa ndani, katikati, ili zisivute macho ya wakaguzi wa serikali. Ken Liu alipotafsiri kwa Kiingereza, tafsiri ikatoka 2014, akazirudisha mwanzo kwa ridhaa ya mwandishi, ambaye ndivyo alivyotaka tangu awali.

Maana yake kwako wewe uliyekwama: wasomaji wa kitabu cha 2008 waliingilia mlango mwingine, kwa Wang Miao, mtafiti wa siku hizi anayeanza kuona namba zikihesabu kurudi nyuma mbele ya macho yake, na hawakupotea. Ruka uanzie kwake, kisha urudi kwa profesa na binti yake ukishataka kujua nani kaanzisha yote haya. Utataka. Mimi mwenyewe napendelea mpangilio wa mwandishi, lakini bora msomaji aliyeingilia dirishani kuliko aliyebaki nje.

Dalili: fizikia imenishinda

Uliza: je, tukio linalofuata linategemea hesabu hii, au linategemea matokeo yake tu? Karibu kila mara ni matokeo.

Tuendelee na Liu. Jina la kitabu ni tatizo la kweli la hesabu: vitu vitatu vizito vinavyovutana angani havina kanuni moja ya jumla ya kukuambia vitakuwa wapi baadaye, kama ilivyo kwa viwili. Ukitaka kuliona, waambie watoto wawili washikane mikono wazunguke. Watazunguka vizuri mpaka wachoke. Sasa mwambie wa tatu adandie. Mmoja atarushwa, huwezi kusema yupi wala lini. Badala ya watoto weka jua tatu, na chini yake weka watu wanaojaribu kulima bila kujua kesho kuna joto la kuchemsha bahari au baridi ya kugandisha hewa. Hiyo ndiyo fizikia yote unayoihitaji ili uwaogope watu wa sayari ile na kuwahurumia. Kurasa zenye maelezo zaidi ya hapo zipitie kwa mwendo wa mtu anayepita kwenye msiba asiohusika nao, kwa heshima lakini bila kukaa.

Dalili: msaliti nimeshamjua, sasa niendelee kwa nini?

Dune tena. Mapema sana unaambiwa ni nani atamsaliti mtawala: Yueh, daktari wa nyumba. Hata nukuu ndogo zilizo juu ya sura zinamtaja. Msomaji aliyezoea riwaya za upelelezi anaona mwandishi kaharibu.

Hapo unasubiri kitu ambacho kitabu hakikuahidi. Liyongo tunajua tangu utotoni kwamba atachomwa sindano ya shaba kitovuni, na mwanawe mwenyewe ndiye atakayemchoma. Nani amewahi kuinuka katikati ya utenzi akasema basi, nimeshajua mwisho? Tunakaa kuona mtoto atafikaje pale na mkono wake utatetemeka vipi. Soma Yueh kwa sikio hilo. Kila anapompa kijana zawadi, kila anapojibu swali akiangalia pembeni, unajua, na yeye anajua, na wengine chumbani hawajui.

Dalili: mhusika niliyempenda ametoweka

Foundation ya Isaac Asimov. Unaanza na kijana Gaal Dornick, unamzoea, sehemu ya kwanza inaisha, unageuza ukurasa na imepita miaka 50. Gaal hayupo. Hari Seldon, mzee wa hesabu za siku zijazo, amebaki picha inayowaka kwenye chumba maalumu.

Hujakosa kitu. Kitabu cha 1951 ni hadithi fupi zilizounganishwa. Nne zilitoka kwenye jarida kuanzia 1942, na ile ya kwanza iliandikwa mwisho ili zipate mlango. Mhusika mkuu ni mpango wa karne nyingi, watu ni abiria wanaopanda na kushuka. Isome sehemu moja, weka chini siku mbili, chukua nyingine. Ukiimeza kwa mkupuo mmoja itakukaba.

Dalili: kinakwenda polepole mno

Kuna polepole ya kitabu kibovu na polepole ya kitabu kinachopanga vyombo. Kipimo cha kusimulia kinatofautisha. Ukisimulia kurasa kumi kwa sentensi moja na msikilizaji hana swali, ni kibovu, au walau hakikufai mwaka huu. Ukijikuta sentensi moja inazaa maswali matano, vyombo vinapangwa.

The Left Hand of Darkness ya Ursula K. Le Guin, ya 1969, huachwa kwenye theluthi ya kwanza, penye siasa za ikulu, mjumbe kutoka mbali, chakula, baridi, nani kamsalimia nani vipi. Ukijua kwamba mbele kuna watu wawili, mmoja mjumbe na mwingine waziri aliyefukuzwa nchini mwake, wanaokokota sleji juu ya barafu wiki baada ya wiki, chakula kimepimwa kwa gramu na hema ni moja, utavumilia ikulu. Uzito wote wa barafu ile unatokana na kutoaminiana kule kwa mwanzo.

Lakini kuna kisababishi kingine, nacho kinanifurahisha kila nikikikumbuka. Watu wa sayari ile si wanaume wala wanawake. Siku chache za mwezi ndipo mwili unapoegemea upande mmoja, na safari nyingine unaweza kuegemea mwingine. Kiingereza kilimlazimisha Le Guin kuchagua, akawaita wote kwa kiwakilishi cha kiume. Alilaumiwa sana kwa hilo, na miaka ya baadaye yeye mwenyewe akaliandikia na kulikubali. Msomaji wa Kiingereza anaona wanaume watupu, halafu mfalme anapata mimba na kila kitu kinagongana kichwani.

Simulia ukurasa huo kwa Kiswahili. "Alikuja, akakaa, akasema ana njaa." Nani, mume au mke? Lugha haisemi, wala haijawahi kutaka kujua. Nilimsimulia dada yangu sura nzima kabla hajaniuliza, "Kwani huyo waziri ni mwanamke?" Nikamwambia hata mjumbe mwenyewe anahangaika na swali hilohilo. Kilichomsumbua mwandishi kwa miaka, kwetu kimemalizwa na herufi moja, *a-*.

Dalili: hadithi imeruka, sielewi kilichotokea

Usijishuku kabla hujakagua kitabu chenyewe kwa macho. Vitabu hushonwa kwa mafungu, mengi ya kurasa 16 au 32, na fungu zima linaweza kudondoka au kushonwa mara mbili. Nilinunua kitabu cha mtumba pale Posta, nikahangaika jioni nzima kumwelewa mtu aliyekuwa jela ukurasa wa 192 na anaoa ukurasa unaofuata. Nikamsifu mwandishi kwa ujasiri. Kesho yake ndipo nikaona ukurasa unaofuata ni wa 225.

Kagua pia kama si juzuu ya pili. Hyperion ya Dan Simmons, ya 1989, ina mahujaji saba wanaosimuliana visa njiani, na inaisha wakiwa bado wanatembea kuelekea wanakokwenda. Haikukatika. Mwendelezo wake, The Fall of Hyperion, ulitoka 1990, na muuzaji wa mitumba atakuuzia wowote aliokuwa nao mkononi.

Na wakati mwingine mruko ni wa mwandishi. Seveneves ya Neal Stephenson, ya 2015, inavunja mwezi kwenye sentensi ya kwanza, inakupeleka kurasa mamia ukihangaika na walionusurika, kisha sehemu ya tatu inaanza miaka 5,000 baadaye, na watu wapya kabisa. Ushauri wangu ni wa kihuni kidogo: ukifika mwisho wa sehemu ya pili, jihesabie umemaliza. Sehemu ya tatu ichukue mwakani kama kitabu kingine.

Dalili: kinaniudhi

Chunguza kama kinachokuudhi ni kitabu au ni mtu aliye ndani yake. Wengi kwetu wanaiacha Dune kwa sababu ya haki kabisa: kijana wa kikabaila anashuka kutoka juu, wenyeji wa jangwani wanamwona ndiye aliyetabiriwa, anawaongoza vitani. Hadithi hiyo tumeshasomewa, na mwisho wake tunaishi nao. Ila utabiri wenyewe, ukisoma kwa makini, ulipandwa na watu wa nje kwa faida yao, na kitabu kinakuambia waziwazi. Herbert alikuwa anaonya juu ya kiongozi wa kupendwa kupita kiasi. Kwa walioshangilia tu, akaandika Dune Messiah, 1969, na humo bili ya vita vile inaletwa mezani. Ukijua hayo na bado kinakuudhi, mpe jirani.

Vile vya zamani ambamo wanawake kazi yao ni kuleta kahawa chomboni sina dawa navyo.

Dalili: kipimo kimepita, kila kitu kizima, na bado hakiwaki

Hii ndiyo tiketi yangu nyeupe. Neuromancer ya William Gibson, 1984, ukurasa wa 61. Nimeifanyia kila nililoandika hapo juu. Maneno ya kubuni nimeyawekea "kitu". Kurasa zote zipo. Si juzuu ya pili.

Nilidhani nimepata kisababishi pale nilipomsomea binamu yangu mwanzo wake. Mwandishi anaifananisha mbingu na rangi ya runinga iliyo kwenye chaneli isiyo na matangazo. Mimi naona chenga, kijivu kinachochemka, kile cha usiku baada ya wimbo wa taifa. Binamu, ambaye alikuwa mdogo mno kukumbuka Dar es Salaam ilipozimiwa mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, aliona buluu safi na maandishi ya king'amuzi kwamba hakuna mawimbi. "Kwa hiyo ilikuwa siku nzuri," akasema. Kitabu cha siku zijazo kimechapwa kwa taipureta, na ulimwengu umekipita pembeni bila kukigonga. Nikafikiri ndicho kinachonikwamisha, kwamba mustakabali wake umechakaa.

Lakini sivyo, maana chenga zile nazipenda. Nimemsimulia binamu kurasa zote 60: Case, mdukuzi aliyeharibiwa neva asiweze tena kuingia mtandaoni, Molly mwenye vioo vilivyopandikizwa juu ya macho, mtu mwenye pesa anayewaajiri wote wawili kwa kazi asiyoisema. Nimesimulia bila kukwama. Aliuliza "halafu?" mara nne. Mimi ndiye sikuwa na la kumjibu, wala hamu ya kwenda kulitafuta, na mpaka leo sijajua hitilafu iko wapi.

Jumapili akaondoka nacho. Jana usiku amenitumia ujumbe: yuko mbele sana ya tiketi, kuna simu za vibandani zinalia moja baada ya nyingine kila Case anapopita, ni nani anayepiga?